Kabla ya Kicheko

Kwenye mabasi ya Dar es Salaam kwenda Mbeya, enzi zile televisheni iliyofungwa juu ya dereva ndiyo ilikuwa burudani ya wote, filamu ya kwanza iliishia Morogoro na ya pili ikatuvusha Mikumi. Basi likianza kuupanda mlima Kitonga, kondakta alikuwa ameshaweka kichekesho. Upande mmoja korongo, upande wa pili ukuta wa mawe, na abiria hatazami huku wala kule. Sisi tulioshuka njia panda ya Tosamaganga, mbele kidogo ya Iringa, mara nyingi tulishuka hadithi ikiwa katikati. Basi liliondoka na vicheko vyake kuelekea Mafinga, tukabaki barabarani na mizigo yetu, tukiulizana yule mzee atamjibu nini mkwewe.

Mzee mwenyewe alikuwa Amri Athumani, ambaye nchi nzima ilimwita King Majuto, au Mzee Majuto tu. Alizaliwa Tanga mwaka 1948, akasoma Shule ya Msingi Msambweni, na mwaka 1958, angali mtoto, akapanda jukwaani. Aliigiza kwa muda wa miaka 60 hivi. Hakuwa kijana mtanashati wa hadithi za mapenzi. Alikuwa baba wa mtu, mkwe wa mtu, mwenye nyumba anayedai kodi, mzee bahili, mzee anayemtamani binti wa rika la wajukuu zake. Katika filamu nyingi watu wa aina hiyo huingia, husema maneno mawili, hutoka. Yeye alipoingia, hadithi ilihama ikamfuata.

Tosamaganga ni mahali pa misheni. Wamisionari wa Consolata walifika Iringa mwaka 1919, na mpaka leo kanisa, shule na hospitali, ambayo wenyeji wengi wanaiita Ipamba, ndivyo vinavyopanga siku za watu. Lakini kama kila mahali nchini, palikuwa pia na banda la video: mabenchi ya mbao, gunia dirishani la kuzuia mwanga, televisheni juu ya meza, deki chini yake, na mwenye banda ameshika rimoti kama hakimu. Wateja wakipenda kipande walipiga kelele kirudishwe, naye alikirudisha. Ni kwa sababu ya rimoti ile ndipo nilipoanza kumtazama Majuto kwa makini. Mara ya kwanza unacheka, na kicheko kinakufumba macho. Kipande kikirudishwa, tayari unajua mzee atasema nini, kwa hiyo masikio yanapumzika na macho yanaanza kazi. Ndipo unapoona kwamba kabla ya lile neno lililowaangusha watu kwenye mabenchi kulikuwa na shughuli ndefu, iliyofanywa taratibu, hatua kwa hatua, na wala hukuiona.

Chukua tukio la kawaida kabisa katika vichekesho vya Kiswahili: mzee yuko ndani, mtu anabisha hodi. Mwigizaji mchanga akisikia hodi huinuka mara moja, kwa kuwa anajua mgeni anakuja. Aliambiwa asubuhi na mwongozaji. Mzee Majuto aliisikia hodi kama mtu asiyengoja mgeni. Alikuwa na shughuli yake, na shughuli hiyo haikukatika ghafla. Kwanza kichwa kilitulia. Kisha macho yakaenda pembeni, si mlangoni bado, bali kwa yeyote aliyekuwa karibu, kuuliza bila maneno kama kuna mtu mwingine wa kwenda kufungua. Hakuna. Basi mkono ukashuka kwenye goti, mwili ukajikusanya, akainuka. Katika kuinuka tu ulikuwa umeshajua umri wake, afya yake, na kwamba katika nyumba hii yeye ndiye mwenye kauli, hata kama hakuna anayeitii.

Halafu mavazi. Wengine huvaa maleba na kuyasahau mwilini. Yeye aliyafanyia kazi. Msuli unalegea, unakazwa, kofia inasogezwa, shati linavutwa chini. Kila kitu kilifanywa kwa wakati wake, na kila kimoja kilikuwa na maana ndani ya hadithi. Mzee anayekaza msuli kabla ya kufungua mlango anajiandaa kwa heshima. Akiukaza baada ya kumwona mgeni, anajiandaa kwa ugomvi. Watazamaji hatukuwa na haja ya kuelezwa. Tumekua na wazee hawa, tunajua mkono ukienda kiunoni ni saa ngapi ya kukimbia.

Mgeni akaingia, akaanza kujieleza. Hapa ndipo sehemu ya kazi yake ninayoiheshimu kuliko zote, nayo ni kusikiliza. Kusikiliza mbele ya kamera ni kazi ngumu. Ukifanya kidogo mno unaonekana umelala, ukizidisha unaonekana unamwibia mwenzio. Majuto aliacha uso wake wazi, bila maoni. Alimwacha kijana aseme salamu zote, ajisifu, azunguke. Ukiutazama uso peke yake, ukimwacha anayeongea, utauona ukipokea habari moja baada ya nyingine kwa mpangilio. Jina la ukoo linapotajwa, macho yanapungua kidogo. Binti anapotajwa, shingo inanyooka. Fedha zinapotajwa, uso wote unafunguka, kisha unafungwa haraka kwa aibu ya kuonekana umefunguka. Yote hayo ndani ya pumzi chache, wala mdomo haujasema kitu.

Kisha alirudia. Neno la mwisho la mgeni alilichukua, akalisema polepole, kwa sauti ya chini, kana kwamba analipima. Hakulipinga. Alilirudia tu, na katika kulirudia likaanza kuonekana upuuzi wake. Mwigizaji mwenye haraka angeruka hatua hii aende kwenye makelele, kwa sababu makelele ndiyo watu wanayoyakumbuka. Yeye alijua kwamba sauti ikianzia juu haina pa kupanda. Kwa hiyo alianzia chini, kwenye adabu, kwenye lafudhi ile ya pwani inayokunja maneno kwa upole. Akapanda ngazi moja. Akasimama. Akapanda nyingine. Alipofika juu, sauti ikiwa kali na macho yametoka, tulikuwa tumepanda naye, na hakuna aliyeona ni kelele tupu.

Kushuka nako kulikuwa na ufundi wake. Wachekeshaji wengi hawajui kuikomesha hasira. Huendelea kufoka mpaka mwongozaji akate. Majuto alinyamaza ghafla, palepale palipokuwa pamemnogea, akamtazama mwenzie. Ukimya ule ukamwacha kijana amesimama peke yake katikati ya sebule, na banda zima la Tosamaganga likapasuka.

Sasa fikiria ukimya huo. Jukwaani, mwigizaji anawasikia watu. Kicheko kinapanda, anakingoja kifike kileleni, na kinapoanza kushuka, kabla hakijaisha kabisa, anatia neno jingine. Akiwahi, neno linamezwa na kelele. Akichelewa, ukumbi unapoa. Kizazi cha Majuto kilijifunza hesabu hiyo mbele ya watu, katika nyakati ambazo vikundi vya sanaa vilitumbuiza kwenye kumbi za baa na viwanja vya wazi kwa saa nyingi: ngoma, sarakasi, kichekesho, igizo, taarabu. Ukumbi uliojaa walevi ni mwalimu asiye na huruma. Anayemchosha humjulisha hapohapo.

Filamu haina ukumbi. Mbele ya mwigizaji kuna mpigapicha aliyebana pumzi, mshika maiki, mwongozaji, na labda mtoto wa jirani aliyezuiwa kupiga kelele. Hakuna anayeruhusiwa kucheka. Mwigizaji akiweka neno la kuchekesha, anajibiwa na ukimya. Wengi waliotoka jukwaani walishindwa hapo: waliharakisha, wakilikimbia lile shimo la ukimya, na matokeo yake ni kwamba sisi watazamaji tulipocheka tulikosa sentensi mbili zilizofuata. Majuto aliliacha shimo liwe. Alilipima kwa kumbukumbu ya kumbi zote alizopitia tangu utoto, akaacha nafasi kwa ajili ya kicheko ambacho hakijazaliwa bado, cha watu asiowaona, kitakachotokea miezi kadhaa baadaye mahali asipopajua. Kwenye banda letu, chini ya baridi ya Juni, vicheko vyetu viliingia kwenye nafasi ile na kutosha. Tulipotulia, ndipo alipofungua mdomo tena. Nilipolitambua hili, baada ya mwenye banda kukirudisha kipande kwa watu waliochelewa, nilishangaa kuliko nilivyowahi kushangazwa na filamu yoyote yenye magari ya kulipuka.

Na tukumbuke mazingira ya kazi. Vichekesho vingi vya video vya Tanzania havikuandikwa maneno kwa maneno. Palikuwa na hadithi, palikuwa na mgawanyo wa matukio, na mwongozaji aliwaeleza waigizaji kinachotakiwa kutokea: wewe unakuja kuposa, wewe mzee unakataa, mama anaingilia kati. Maneno yalitafutwa palepale. Nyumba ni ya kuazima, na mwenye nyumba anataka sebule yake kabla ya magharibi. Jua linahama dirishani. Pikipiki inapita nje, sauti inaharibika, tukio linarudiwa.

Kurudia ndiko kunakomtofautisha fundi na mwenye kipaji tu. Kamera ni moja. Tukio likichukuliwa kwa mbali, linachukuliwa tena kwa karibu, kisha tena kutoka upande wa mgeni, ili mhariri apate vipande vya kuunganisha. Maana yake ni kwamba maneno uliyoyabuni mara ya kwanza inabidi uyakumbuke mara ya pili, na mkono ulioshika kikombe uwe uleule, na msuli ukazwe kwenye neno lilelile. Wapo waigizaji wenye ulimi mwepesi ambao kila wakirudia wanasema jambo jipya, nao mhariri anabaki na vipande visivyoshonana. Anayebuni vizuri ni lazima awe na kumbukumbu nzuri vilevile. Zaidi ya hapo, mara ya tano asisikie ile hodi kama mtu aliyeisikia mara nne. Kichwa kitulie tena kana kwamba ndiyo kwanza.

Majuto alikuwa miongoni mwa wachekeshaji wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodi vichekesho na kuviuza kwenye kanda za video, na baadaye kwenye CD. Alilivuka daraja hilo, kutoka jukwaani kwenda kwenye video, akiwa mtu mzima tayari, na namna yake ya kuigiza imebeba pande zote mbili. Wa rika lake walichagua njia nyingine. Mzee Small, Said Ngamba, aliyefariki Juni 2014, alikuwa na mwili uliochekesha hata akiwa amesimama tu, na ninadhani alijua hilo na akaliegemea. Mzee Jengua, Mohamed Fungafunga, aliyefariki Desemba 2020, alikuwa bingwa wa baba mkali asiyecheka, na ukali wake ulikaa palepale mwanzo mpaka mwisho. Majuto ndiye aliyekuwa akisafiri ndani ya tukio moja, kutoka adabu hadi ghadhabu na kurudi, na unaziona alama zote za njiani.

Mwaka 2018 alikuwa mgonjwa. Alipelekwa India kutibiwa, akarudi, na akafariki Hospitali ya Taifa Muhimbili tarehe 8 Agosti, siku ambayo huku Nyanda za Juu Kusini watu wengi walikuwa kwenye maonyesho ya Nane Nane jijini Mbeya. Mwili ulipelekwa kwao Tanga kwa maziko. Ugonjwa wake ulifumbua jambo lililokuwa likinong'onwa siku nyingi: kwamba wasanii ambao kazi zao ziliuzwa nchi nzima walisaini mikataba isiyowapa kitu. Waziri wa habari na sanaa wa wakati huo, Dkt. Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kuiangalia mikataba hiyo. Mimi naona ilipaswa kuangaliwa kanda ya kwanza ilipouzwa. Mtu aliyejua kukipima kicheko cha Watanzania kwa sekunde hakupaswa kufika uzeeni akiwa hajui thamani ya jasho lake kwa shilingi.

Miaka kadhaa baada ya maziko hayo, kwenye mahafali ya shule mojawapo ya sekondari karibu na misheni, nilimkuta kijana wa kidato cha tano akijiandaa kuigiza mzee. Alikuwa katika chumba kidogo nyuma ya ukumbi, amekaa juu ya kreti la soda, kioo cha mkononi kimeegemezwa kwenye dirisha. Nilimwomba nibaki nitazame. Akaniambia, "Shikamoo, karibu tu," akaendelea na kazi.

Alianza na nywele. Alichukua mafuta ya mgando kidogo sana kwenye ncha ya kidole, akayapaka kwenye panja tu, halafu akapiga poda ya watoto juu yake kwa kipande cha sponji, akapuliza. Poda iliyobaki ndiyo iliyoshikwa na mafuta. Utosini hakugusa. Aliniambia wazee wa hapa mvi zinaanzia pembeni, na kwamba wenzake waliokuwa wakijimwagia unga kichwa kizima walionekana wametoka mashineni. Kisha akakunja uso mbele ya kioo, kwa nguvu, akatazama mikunjo ilipotokea, na kwa kijiti chenye masizi akaifuata mikunjo ileile, mstari mwembamba, akauachia uso, akausugua mstari kwa kidole hadi ukabaki kivuli. Akarudia kwenye paji. Hakuharakishwa na kelele za kwaya ukumbini.

Nilitarajia avae msuli na kofia, maana alikuwa amenieleza kwamba ameangalia filamu za Majuto tangu utotoni. Akavaa gambuti, suruali nene, na koti refu la mtumba lililomzidi mabega. Huyu hakuwa mzee wa Tanga. Huyu alikuwa mzee wa Tosamaganga, wale wanaokaa baada ya misa ukutani wakiota jua, Juni na Julai, mikono imezama kwenye mifuko ya makoti. Kijana alikuwa amewatazama Jumapili nyingi. Aligundua kwamba ukiwaamkia kamwene, salamu ya huku, wanakujibu kamwene kwa ukarimu wote, lakini mkono hautoki mfukoni mpaka wamekutambua wewe ni mtoto wa nani. Mkono unatoka mwisho, baada ya ukoo.

Hilo ndilo alilolipeleka jukwaani. Mgeni akabisha hodi. Mzee, aliyekuwa akimenya viazi, akatulia kichwa. Akamaliza kiazi kile. Akainuka. Mgeni, kijana wa mjini, akanyoosha mkono kusalimia, na mkono ukabaki hewani. Mzee akautazama. Akauliza ukoo. Akajibiwa. Akauliza babu alikuwa nani. Akajibiwa. Koti likaanza kutikisika upande wa kulia, mkono ukaanza kupanda, wazazi kwenye viti vya plastiki wakaanza kucheka, naye akausimamisha hapohapo, nusu ndani nusu nje, akauliza swali jingine. Ukumbi ulilipuka. Na yule mtoto, kwa umri ule, aliungoja. Alibaki amemtazama mgeni, uso hauna kitu, mpaka kelele zilipoanza kushuka kwenye viti vya nyuma, ndipo akautoa mkono wote.

Baada ya shughuli nilimuuliza alijifunzia wapi kungoja. Alisema mwanzoni alitazama vipande vifupi vinavyozunguka kwenye simu, na humo Mzee Majuto anafoka tu, kwa kuwa wanaovikata huondoa sehemu za mwanzo ili kipande kiwe kifupi. Alipojaribu kuigiza hivyo darasani hakuna aliyecheka. Akatafuta filamu nzima mtandaoni, akazitazama sauti ikiwa imezimwa.

Igizo lake lilikuwa limepewa dakika kumi na tano. Asubuhi ya mahafali, ratiba ikiwa imejaa hotuba, mwalimu msimamizi alimtaka alipunguze hadi kumi. Kijana alichukua daftari lake akakaa na wenzake nje ya ukumbi, wakapitia tukio baada ya tukio. Alifuta ugomvi wa mwisho, ambao ulikuwa na maneno mengi kuliko sehemu nyingine yoyote. Akafuta jirani anayeingia kuamua. Hodi, kiazi na mkono aliviacha kama vilivyokuwa.